Riziki Chini ya Kitanda cha Mama

Nianze na uongo wangu, maana nikiuweka mwishoni nitapata muda wa kuupamba. Kwa siku tano baada ya kumzika mama niliwaambia majirani kwamba baba anakula. Baba hakuwa anakula.

Dawa ya sukari alikuwa anameza, asubuhi na jioni, bila kukumbushwa. Ni mtu wa utaratibu. Alikuwa katekista miaka mingi kabla ya kustaafu. Lakini sahani ikiwekwa mbele yake alinawa, akamega tonge moja, akalishika mpaka likapoa, akalirudisha. Kisha akanawa tena.

"Nimeshiba, mama."

Ananiita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Siku zile nilikuwa nashtuka kila akiniita, nikidhani anamwita marehemu.

Nesi wa zahanati alikuja kwenye mazishi, akanivuta pembeni. "Ile dawa bila chakula itamwangusha. Umenielewa? Ale, hata kama ni kidogo." Nikasema nimemwelewa. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Mimi ni mtu wa rula.

Sikuwa nimelia. Nasema hivi kwa kuwa nimejiahidi kusema kweli humu. Wanawake walilia mkekani, mimi nikawa nahesabu maua kwenye pazia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wa kwako, unaugonga, hausikii kitu.

Mtaa wetu, juu huku Rondo, nyumba yenye msiba haiwashi moto wake mpaka siku ya saba, tanga linapoondolewa. Mafiga yanakaa baridi. Majirani wanapokezana kuleta chakula, Wakristo na Waislamu bila tofauti. Wa mchana anajulikana na wa jioni anajulikana. Kila mmoja analeta cha mlo wake tu. Hakuna anayeleta cha kesho, kwa sababu kesho ina mtu wake. Na vyombo vinarudi kwa mwenyewe vimeoshwa. Hakuna aliyenifundisha kwamba sahani ikirudi na chakula ni tusi. Hilo niliamua mwenyewe, kama ninavyoamua mambo mengi ambayo baadaye yananinyima usingizi.

Basi nikawa nakihamisha chakula cha baba. Mama alikuwa na hotipoti nne zenye maua mekundu, za wageni, hazikutolewa ila kwa sherehe. Niliziweka chini ya kitanda chake. Tonge lililorudishwa, mboga iliyorudishwa, vyote ndani, nafunika. Nilijiambia ni akiba: baba akishikwa na njaa ghafla, moto hauruhusiwi, atakula nini? Na je, wasipokuja kesho? Hawakuwahi kukosa kuja, lakini mimi hofu yangu haihitaji sababu.

Jirani yetu wa upande wa mikorosho, Mwislamu, mama wa watoto wakubwa, ndiye aliyekuwa na zamu ya siku ya pili jioni.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mzee amekula cha mchana?"

"Amekula. Anashukuru sana."

"Amemaliza?"

"Amemaliza."

"Alhamdulillahi. Haya, huu wali, na mbaazi. Mwambie nimetia nazi nyingi, asije akasema tunambania kwa kuwa siku hizi hana wa kumtetea."

Alicheka, nami nikacheka mahali pa kucheka. Nikapokea bakuli kwa mikono miwili. Nusu saa baadaye wali wote ulikuwa chini ya kitanda.

*

Sasa nieleze nilikuwa nafanya nini saa nyingine, kwa sababu hilo ni baya zaidi.

Mama alizaliwa Kikole, wilaya ya Kilwa, katika nyumba ya Waislamu. Aliolewa na baba akaingia kanisani, lakini hakuacha kuuliza maswali. Nikiwa sekondari, siku moja tukimenya muhogo uani, alimgeukia baba.

"Katekista." Ndivyo alivyomwita, mpaka mwisho. "Kila siku mnaomba riziki ya leo. Ya kesho mnamwomba nani?"

Alipotaka kumchokoza alisema "mnaomba", kama mtu aliyesimama bado mlangoni.

"Kesho ikifika nayo inaitwa leo," baba akasema.

"Hilo jibu la katekista. Mimi nataka jibu la Mungu."

Baba alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Mimi sikucheka. Nilimwambia mama nitamtafutia jibu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na niliamini kila swali lina jibu lake mahali, limeandikwa, kazi ni kulifikia.

Baada ya kidato cha nne sikuendelea. Nikapata kazi kwenye duka la steshenari mjini Lindi, kutoa kopi na kuchapa barua za watu. Siku moja mteja alileta makaratasi ya masomo ya dini yenye herufi za Kigiriki. Niliyatoa kopi, nikayaangalia, nikaona aibu kwamba macho yangu yanapita juu ya kitu na hakiniambii lolote. Nikaanza kujifunza kwa simu, hapo hapo kaunta, mashine ikichapa. Sijui Kigiriki vizuri. Nakijua kama mtu anavyoujua mji kwa kupita na basi. Lakini nilifika mahali nikaweza kuifungua Sala ya Bwana na kutafuta swali la mama limejificha wapi.

Limejificha kwenye neno moja, epiousios. Ndilo linaloeleza ule mkate unaoombwa ni mkate wa namna gani. Wengine wametafsiri "wa kila siku". Katika tafsiri niliyokulia, limemezwa ndani ya neno riziki na halionekani tena. Kwenye Maandiko linapatikana mara mbili tu, na mara zote mbili ni katika sala hiyo hiyo. Mwalimu mmoja wa kale, ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, alieleza kwamba halikuwa neno la wasomi wala la watu wa kawaida. Aliona kama waandishi wa Injili walilitunga wenyewe. Tangu hapo watu wanabahatisha. Kuna wanaosema ni mkate wa leo. Kuna wanaosema ni ule wa kututosha, au ule unaopita vitu vyote. Na kuna wanaosema ni mkate wa siku inayokuja.

Wa kesho.

Nilisoma mstari huo nimesimama, mteja ananisubiri. Kama ni wa kesho, basi mama alikuwa amejibiwa zamani: tunaomba tupewe leo kile cha kesho. Ningeweza kumpigia simu mchana ule. Sikumpigia. Nilitaka kwanza niwe na hakika.

Hakika haikuja. Nilisoma kwamba liliwahi kudhaniwa limeonekana mahali pengine, kwenye orodha ya vitu vya nyumbani ya zamani sana, kipande cha karatasi cha Misri. Kisha karatasi ikapotea. Ilipopatikana tena, wakaiangalia vizuri: ilisomwa vibaya, pale palikuwa na neno mafuta. Hiyo iliniumiza kuliko inavyostahili. Nikaanza kuandika maelezo yangu upya, ukurasa wa kwanza.

Mama aliugua wiki mbili. Nilikuwa natoka kazini naenda wodini, nakaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa ananiuliza, "Lile jibu langu limefika wapi?"

"Bado kidogo, mama. Nakamilisha."

"Fanya haraka, mwalimu."

Ningeweza kumwambia tu: mama, hawajui, lakini wengine wanadhani ni ya kesho. Hata pumzi moja haiishi. Sikumwambia kwa sababu ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na kosa. Nimelieleza hili kwa maneno mengi kichwani mwangu, na kila mara linabaki hivyo lilivyo.

*

Baada ya mazishi baba aliniambia, "Siku ya tanga utasema wewe. Lile swali la mama yako. Mimi sauti sina."

Kwa hiyo nikarudi kwenye makaratasi. Asubuhi nilikaa chumbani kwa mama, hotipoti chini, makaratasi juu ya godoro, nikifuta na kuandika. Baba yuko upande wa pili wa ukuta na njaa yake, mimi naandika habari za mkate. Sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa nikitoka, nampa maji ya kumezea dawa, napokea sahani, nahamisha, naosha, narudi.

Siku ya nne, kama saa tatu asubuhi, alikuwa amekaa kwenye benchi uani na wanaume wenzake. Nikasikia kikombe kinaanguka. Nilipotoka, mikono yake ilikuwa inatetemeka, shati limelowa mgongoni, anatazama pembeni yangu kama ananitafuta. Nikakoroga sukari kwenye maji, nikamnywesha. Alirudi taratibu, macho kwanza.

"Ana nini?" mzee mmoja akauliza.

"Jua," nikasema. "Jua limekuwa kali."

Saa tatu asubuhi. Walinitazama, wakaitikia, jua.

Sasa, msiba wa kwetu hauendi bila mtani. Sisi ni Wamwera, na mtani wetu mkubwa mtaani ni bibi mmoja Mngindo, mwenyeji wa Likawage, aliyeolewa huku kabla sijazaliwa. Siku ya kuzika alilala kwenye mkeka wa mama akikataa kuamka mpaka apewe mto. Alivaa kanga ya mama akatembea kama mama, bega moja juu. Aliwaambia waombolezaji marehemu alikuwa bahili wa chumvi. Ndiyo kazi yake, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Siku ya tano aliingia chumbani kwa mama bila hodi, akitafuta kanga nyingine ya kuteka.

Akasimama. Akavuta pua.

"Humu amekufa nani mwingine?"

Alipiga magoti kwa shida, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta hotipoti moja, akavuta ya pili na ya tatu. Akafungua. Wali wa nazi ulikuwa umefanya povu.

"We mtoto. Hiki nini?"

"Chakula cha baba."

"Cha lini?"

"Huo wali ni wa siku ya pili. Hicho cha juzi."

"Na hiki chenye ndevu?"

"Cha siku tuliyozika."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatania.

"Kwa hiyo mzee hajala tangu tuzike?"

"Hajala, bibi."

Maneno hayo yalitoka mepesi, kama ninamtajia mtu saa.

"Na mimi nakuja hapa kila siku. Nalala chini, navaa nguo za watu, najifanya kichaa na magoti haya. Unadhani natafuta nini? Mtani anawekwa msibani afanye nini? Mtu asipokula, asipolala, asiposema, ndiyo naitwa mimi! Nilikuuliza juzi, ukaniambia amemaliza sahani. Nikasema basi, huyu hana haja na mimi, nikawa nahangaika na wajomba zako."

"Nilitaka nijaribu kwanza mwenyewe."

"Ukajaribu nini?"

Sikuwa nimejaribu kitu. Nilikuwa nimeficha tu, vizuri.

Aliibeba hotipoti moja kichwani, nyingine kwapani, akatoka nazo uani. Nikamfuata.

"Wamwera, njooni muone mali! Kumbe katekista anafungua genge! Mke hajapoa kaburini, mume anauza wali uliochacha!"

Wanaume wakacheka. Mmoja, mgeni kutoka mjini, akasema mambo gani haya mbele ya mfiwa, mwenzake akamshika goti: "Mwache, ni mtani huyo."

Bibi alikaa chini mbele ya baba, akajifunga kanga ya mama kichwani, akapandisha bega moja.

"Katekista."

Baba akainua uso. "Usimuige mke wangu."

"Simuigi, nimetumwa. Nimekutana naye njiani, anashuka kwao Kikole kwa miguu, mzigo kichwani. Kaniambia: shoga, yule mwanamume nikimwona huku mapema namrudisha kwa fimbo. Miaka yote nampikia, ndiyo kwanza nimekaa kupumzika, aje tena aniulize chumvi iko wapi?"

Kona ya mdomo wa baba ikasogea. Akatoa sauti, nikadhani anakohoa. Alikuwa anacheka, na katikati ya kucheka akawa analia, na hakujifunika uso. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Nilijua kwamba ningepaswa kusikia kitu, nikakisubiri. Nilisikia ukanda wa ndala yangu unanibana kidole.

"Haya, kula," bibi akasema.

"Hicho kimechacha."

"Sawa. Basi nitakula mimi." Na kweli akaingiza mkono ndani ya ule wali, akamega tonge, akalipeleka mdomoni. Baba akamdaka kifundo cha mkono.

"We bibi, utaumwa!"

"Niumwe. Nyumbani kwenu chakula ndicho hiki. Mgeni anakula anachokuta."

"Usile. Naomba usile."

"Basi ule kizima, na mimi nile kizima."

Ilikuwa saa ya mlo wa mchana. Zamu ilikuwa imemrudia yule jirani wa mikorosho. Alikuwa amesimama pale pale na beseni la ugali wa muhogo na kisamvu, hajui aweke wapi. Akaweka chini kati yao. Baba akanawa. Akamega tonge, akalichovya, na safari hii hakulishika mpaka lipoe. Bibi alikula naye akimsengenya mama kwa kila tonge, na baba akawa anabisha, na kwa kubisha akawa anakula.

Jirani alikuwa anaitazama hotipoti iliyobaki wazi.

"Huu wali wangu," akasema taratibu.

Nikasema ndiyo.

Aliichukua, akamwaga chakula nyuma ya choo, akachota majivu, akaisugua. Nilienda kumsaidia, akanipa kifuniko. Tuliosha hotipoti zote nne hivyo. Alipomaliza akazipanga juani zikiwa zimeinamishwa, akafuta mikono kwenye kanga.

"Siku nyingine sahani yangu irudi na chakula," akasema. "Nitajua cha kufanya."

*

Siku ya saba nilisimama mbele ya watu na makaratasi kumi na nne. Niliangalia ule ukurasa wa kwanza. Mwandiko ulikuwa safi. Nikayashusha.

Nilisema kwamba mama aliuliza riziki ya kesho tunamwomba nani. Nilisema neno lenyewe katika sala halijulikani vizuri, wengine wanalisoma ni ya leo na wengine ni ya kesho. Nilisema nilijua hivyo tangu mwaka jana na sikumwambia, nikisubiri hakika ambayo haipo. Kisha nikasema kwamba kwa siku tano niliwadanganya kuhusu chakula cha baba, na kwamba ile asubuhi halikuwa jua. Nikakaa. Tangazo la harambee kanisani huwa refu kuliko hapo.

"Ameketi?" bibi mtani akauliza kwa sauti. "Na makaratasi yote yale?"

Watu wakacheka. Hakuna aliyenijibu kuhusu uongo wangu, wala kunisamehe kwa maneno. Mwanamke mmoja alinisogezea nafasi zaidi kwenye mkeka.

Baba akasimama kuongoza sala. Hakuna aliyemwomba. Sauti ilikuwa kavu, ikakatika mara mbili, lakini ilikuwa yake. Tulipofika kwenye riziki hakusita, alipita tu kama siku zote, na mimi nikapita naye. Nilidhani pengine pale ndipo nitalia. Hapana.

Baada ya hapo jirani alileta kaa la moto kutoka jikoni kwake kwenye kigae, tukawasha mafiga yetu. Kuni zilikuwa zimepata unyevu, moshi mwingi. Nilipika ugali wa kwanza, ukawa na madonge. Ulilika.

Jioni, kabla ya jua kuzama, wageni wameondoka. Baba alimeza kidonge chake, akala, akabakiza kidogo. Hakunawa haraka. Alikaa akichezea maji kwenye bakuli kwa vidole, akiangalia moto.

"Kesho kuna nini?" akauliza.

Nilimwangalia.

"Sijui, baba. Muhogo labda."

"Na mbaazi?"

"Zipo, zile kavu za mama."

"Basi na mbaazi."

Mbaazi kavu haziivi bila kulala majini. Niliinuka, nikaenda stoo, nikachota vikombe viwili, nikaanza kuchagua mawe.